Kaseti za Thomson kwenye konsoli ya mkononi: kwa nini zinakwamia kwenye "OK"

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, sasa naishi Lille. Mwezi wa tisa, kwenye Braderie, soko kubwa la mitumba la hapa, nilinunua boksi la kaseti kumi na moja za kompyuta za Thomson kwa euro chache. Tisa zina majalada yake, mbili zimeandikwa kwa kalamu tu. Mashine yenyewe sina. Nina konsoli ya mkononi, Anbernic RG35XX H, ambayo nimeiwekea mfumo wa kuendeshea gemu za zamani uitwao Knulli. Nilipata mtandaoni faili za zile tisa, nikaziweka kwenye folda ya Thomson. Baadhi zinafika kwenye skrini yenye neno "OK" na kukaa hapo. Nyingine zinawaka vizuri lakini vitufe havifanyi chochote. Moja inaniambia nielekeze "crayon optique", yaani kalamu ya mwanga. Mume wangu, aliyesoma shule ya msingi hapa hapa miaka ya themanini, anacheka na kusema nitupe. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Usitupe, na umwambie shemeji ngoja-ngoja. Umeniletea magonjwa matatu katika boksi moja, na kila moja lina dawa yake. Hakuna hata moja linalotokana na udhaifu wa konsoli yako. Thomson MO5 ya mwaka 1984 ilikuwa na prosesa ya Motorola 6809 inayokwenda kwa megahezi 1, na kumbukumbu ya kilobaiti 48. Kidude chako kina viini vinne vya gigahezi 1.5. Kingeweza kujifanya darasa zima la MO5 bila kupata joto. Kasoro iko kwingine: mashine zile zilitengenezewa mtu aliyeketi mezani, mwenye kibodi ya Kifaransa, pengine na kalamu ya mwanga mkononi, na kitabu cha maelekezo kando. Wewe una vitufe kumi na kitu na dole gumba mbili. Kazi yetu yote hapa ni kuziba pengo hilo.

Kabla ya kugusa chochote, chukua kaseti zako na usome majalada. Unatafuta herufi mbili tu: MO au TO.

Thomson ilikuwa na koo mbili za kompyuta za nyumbani. Ukoo wa TO ulianza na TO7 mwaka 1982, ukaendelea na TO7/70, TO9, TO8 na TO9+. Ukoo wa MO ni MO5 na mdogo wake MO6 wa mwaka 1986. Prosesa ni ileile, lugha ya programu ya BASIC ni ya Microsoft kote, kalamu ya mwanga inatumika kote. Ukiziona unadhani ni mapacha. Lakini kaseti hazisomani. TO7 huandika kwenye kaseti kwa kasi ya biti 900 kwa sekunde, MO5 kwa biti 1200, na namna ya kugeuza biti kuwa sauti ni tofauti kabisa. Mimi mwenyewe, nilipoanza mambo haya, nilipoteza usiku mbili nikibembeleza kaseti ya TO7/70 ndani ya MO5 ya kuigiza. Nilibadilisha emuleta, yaani programu ya kuigiza mashine, nikabadilisha faili, nikalaumu kadi ya kumbukumbu. Jalada lilikuwa mbele yangu muda wote, limeandikwa TO7/70 kwa herufi kubwa kama kidole.

Kwenye Knulli, folda ya Thomson huendeshwa na Theodore, kiini (yaani emuleta ndogo) kinachofanya kazi ndani ya programu ya RetroArch. Ni kazi nzuri sana: kinaigiza koo zote mbili, na hata Olivetti Prodest PC 128, ambayo ni MO6 iliyovishwa nguo za Kiitalia. Tena huhitaji kutafuta faili za ROM za mashine, yaani programu za ndani za mashine yenyewe, zimo ndani yake. Ila kisipobahatisha chenyewe, lazima kiambiwe kijifanye mashine gani. Kikiwa TO8 nawe umekipa kaseti ya MO5, utafika kwenye menyu nzuri au kwenye neno "OK", na hutatoka hapo hata ukikesha. Fungua gemu, ingia kwenye menyu ya RetroArch, tafuta chaguo za kiini, chagua MO5 kwa kaseti za MO5, kisha hifadhi chaguo hilo kwa gemu hiyo peke yake. Usiihifadhi kwa mfumo wote, maana boksi lako lina uwezekano mkubwa wa kuwa na mchanganyiko.

Na sishangai kwamba umelipata Lille. Tarehe 25 Januari 1985 waziri mkuu wa Ufaransa, Laurent Fabius, alitangaza mpango wa "Informatique pour tous", kompyuta kwa wote: mashine zaidi ya 120,000 zipelekwe kwenye shule zipatazo 50,000. Nyingi zilikuwa MO5 na TO7/70. Shule nyingi zilifungiwa "nanoréseau", mtandao mdogo wa darasani ambamo kompyuta moja kubwa ya mwalimu hugawa programu kwa MO5 za wanafunzi ili zisisubiri kaseti. Mtandao huo ulibuniwa hapo hapo kwenu, baina ya chuo kikuu cha Lille na kampuni ya Léanord. Kwa hiyo shemeji anapocheka, huenda anacheka kumbukumbu: walimu walipewa mafunzo ya siku chache tu, programu zilikuwa chache, na watoto wengi wanachokumbuka ni kasa wa LOGO, lugha ya programu ya watoto, akichora mraba. Nje ya Ufaransa mashine hizi hazikwenda mbali, ndiyo maana hata watu wanaokusanya kompyuta za zamani huzipita bila kuzitazama.

Turudi kwenye "OK". Ukishahakikisha mashine ni yenyewe na bado umekwama hapo, basi mashine haina kosa. Inakusubiri. Kompyuta za wakati ule hazikufungua kaseti zenyewe. Uliandika amri, ukabonyeza kitufe cha kucheza kwenye kinasa, ukaenda kunywa chai. Kwenye MO5 amri ni mbili. Programu iliyoandikwa kwa BASIC huitwa hivi:

RUN"

Ndiyo, alama moja ya kunukuu, haifungwi. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya mashine huitwa hivi:

LOADM"",,R

Nukuu mbili tupu maana yake "faili yoyote utakayoikuta kwanza", nafasi tupu kati ya mikato maana yake "ipakie pale inapotaka yenyewe", na R ni kuianzisha ikimaliza. Jalada la kaseti mara nyingi hukuambia ni ipi kati ya hizo. Lisiposema, jaribu ya kwanza. Ikikataa, jaribu ya pili. Theodore ina chaguo la kuandika amri hizi kwa niaba yako mara tu faili inapofunguliwa, na mara nyingi inapatia. Liwashe. Isipopatia, fungua kibodi ya kwenye skrini uandike mwenyewe. Alama ya kunukuu kwenye MO5 iko juu ya 2, si juu ya 3 kama kwenye kompyuta ya Kifaransa ya leo, na mpangilio wa herufi ni AZERTY, kwa hiyo usishangae ukitaka A ukapata Q.

Jambo dogo ambalo huwakwaza wengi: kaseti ya faili nayo ina mwanzo na mwisho. Ukijaribu amri isiyo sahihi, utepe umeshasogea. Jaribio la pili linaanzia katikati na kushindwa, nawe unadhani faili ni mbovu. Funga, ufungue upya, ndipo ujaribu amri ya pili. Na kupakia kunachukua muda wa kweli: kwa biti 1200 kwa sekunde, kilobaiti 32 ni zaidi ya dakika tatu na nusu. Tumia kitufe cha kuharakisha cha RetroArch. Ikishapakia na gemu kuwaka, hifadhi hali palepale, na kesho uanzie hapo. Hiyo hali iliyohifadhiwa ni anasa ambayo mtoto wa 1985 angeiuza baiskeli yake kuipata.

(Faili zako nyingi zitaishia na .k7. Wewe uliyesoma Kifaransa tamka herufi na tarakimu hiyo kwa sauti: "ka-sept", kaseti. Nimewahi kuulizwa na msomaji wa Tanga kama ni aina ya fomati ya siri.)

Ugonjwa wa pili, gemu inawaka na vitufe vimekufa. Hapa watu hulaumu emuleta bure. MO5 haikuwa na tundu la joystiki. Aliyetaka joystiki alinunua kasha la ziada la muziki na michezo akalichomeka nyuma, na wengi hawakununua. Waandishi wa gemu walijua hilo, wakaandika gemu zinazosikiliza kibodi tu. Sasa vitufe vya mwelekeo vya konsoli yako, kwa Theodore, ni joystiki. Wewe unapiga hodi kwenye mlango ambao nyumba hiyo haina.

Dawa ni kuifanya konsoli idanganye kwamba ni kibodi. Knulli imetokana na Batocera, na imerithi kutoka huko kitu kinachoitwa pad2key: faili ndogo ya maandishi, yenye jina lilelile la gemu na kuongezewa .keys mwishoni, inayosema kitufe hiki kiwe herufi hii. Kama gemu yako ni aigle.k7, faili inaitwa aigle.k7.keys na inakaa kwenye folda ileile. Humo unaandika kwamba kitufe cha juu ni mshale wa juu, A ni nafasi, na kadhalika. Vitufe gani gemu inataka utavijua kwenye jalada, au kwenye ukurasa wa kwanza wa gemu yenyewe, na hapo ndipo majalada yako tisa yanapokuwa na thamani kuliko faili ulizopakua. Fanya hivi kwa gemu tatu au nne unazozipenda. Usihangaike na zote.

Maana kusema kweli, si zote zinazostahili konsoli ya mkononi. Zile za kusafiri kwa maandishi, ambapo unaandika kitenzi na nomino na gemu inakujibu kwa sentensi, Wafaransa walizipenda sana. Kuandika "OUVRE PORTE" herufi kwa herufi kwa kusogeza kishale kwenye kibodi ya skrini ya inchi 3.5 ni adhabu. Kwa hizo, chomeka kibodi ya USB kwenye tundu la pili la konsoli au tumia ya Bluetooth, na uunganishe na televisheni kwa HDMI. Kumbuka tu kwamba RetroArch ina njia zake za mkato kwenye kibodi, na ukiandika P inaweza kusimamisha gemu. Washa ile hali ya kuipa gemu kibodi yote, ambayo kwa kawaida iko kwenye kitufe cha Scroll Lock. Gemu za kuruka na kukimbia ndizo zinazokaa vizuri mkononi. L'Aigle d'Or ya Loriciels, iliyotoka 1984 kwanza kwenye Oric kisha ikahamishwa, ni mfano mzuri: kasri na vyumba vyake, na huhitaji kuandika riwaya. Kama imo ndani ya boksi lako, anza na hiyo.

Sasa kalamu. Hapa ndipo utamu wenyewe, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Thomson ilikuwa kampuni ya televisheni kabla ya kuwa ya kompyuta, na kalamu ya mwanga ndiyo iliyoipa TO7 sura yake. Ilikaa ndani ya kijisanduku juu ya kibodi, na moja ya mambo ya kwanza TO7 ilikuuliza ikiwaka ni kama unataka kuirekebisha kalamu. Ndani yake hakuna wino wala miujiza. Kuna kijicho cha kuona mwanga. Televisheni ya zamani haikuchora picha yote kwa pamoja. Mwale mmoja ulipita mstari kwa mstari, kushoto hadi kulia, juu hadi chini, mara 50 kwa sekunde. Kalamu ikigusa kioo, kijicho kinaona mwale unapopita mbele yake, kinaiambia kompyuta "sasa!", na kompyuta, ambayo inajua mwale ulianza lini, inapiga hesabu uko wapi. Kwa hiyo kalamu hiyo haikujua mahali, ilijua wakati. Ndiyo sababu hata ungekuwa na kalamu halisi, isingefanya kazi kwenye skrini bapa ya leo: hakuna mwale unaopita.

Theodore inaiga kalamu kwa panya au kwa skrini ya kugusa. Kwenye simu au konsoli ya Android yenye skrini ya kugusa, kidole chako ndicho kalamu, na nakuhakikishia ni raha; programu ya kuchora ya mwaka 1984 inaonekana imezaliwa jana. RG35XX H haina skrini ya kugusa. Ina vijiti viwili vya dole gumba, na pad2key ile ile inaweza kukifanya kijiti kuwa panya: kwenye faili ya .keys unasema joystick1 ni ya aina ya "mouse", na kitufe kimoja cha bega kiwe mbofyo wa kushoto. Mbofyo ndio kuigusisha kalamu kwenye kioo. Kwa kuchagua kwenye menyu na kwa michezo ya shule ya "bonyeza picha ya paka" inatosha. Kwa kuchora, sahau. Kijiti hakina mkono. Chomeka panya wa USB.

Kuhusu picha. Eneo la kuchorea la MO5 ni nukta 320 kwa 200, na skrini yako ni 640 kwa 480, kwa hiyo utashawishika kuzidisha mara mbili kamili. Emuleta huchora pia fremu ya rangi inayoizunguka picha, na ikiongezwa hiyo upana unazidi 640. Zima ukuzaji wa namba kamili, weka uwiano wa 4:3, basi. Televisheni ya wakati ule ilikuwa 4:3, na ndivyo mchoraji alivyoiona kazi yake. Utaona pia rangi zinaambukizana: mhusika mwekundu akipita mbele ya ukuta wa kijani, sehemu ya ukuta inageuka nyekundu. Usitafute kichujio cha kuondoa hilo. Kwenye MO5 kila nukta nane zilizopangana kwa mlalo hugawana rangi mbili tu, Wafaransa wakaiita "contrainte de proximité", kizuizi cha ukaribu, na wachoraji wao walijifunza kuishi nayo kama mtu aishivyo na jirani mwenye redio. TO8 ilipata njia nyingine za kuonyesha picha, na rangi zake 16 zilichaguliwa kati ya 4,096. Ndiyo maana gemu moja inaweza kuonekana tofauti kabisa kwenye mashine hizo mbili.

Uliniuliza kwa barua ya pili kama konsoli yako itaendesha na mashine nyingine za Kifaransa utakazokutana nazo Braderie ijayo. Kwa ufupi: Oric Atmos ni ya Kiingereza kwa kuzaliwa lakini ilipendwa zaidi Ufaransa, na ina emuleta nzuri, Oricutron. Amstrad CPC yenye kibodi ya AZERTY ni rahisi kuliko zote. Matra Alice ya 1983, ile nyekundu, ndugu ya TRS-80 MC-10 ya Marekani, inapatikana ndani ya MAME, emuleta ya mashine nyingi sana; ilikuja na kilobaiti 4 za kumbukumbu, na ninaipenda zaidi rafuni kuliko kwenye skrini. Iliyo ngeni kuliko zote ni Exelvision EXL 100 ya 1984: kibodi yake haikuwa na waya, ilitumia miale kama rimoti, na ilizungumza Kifaransa kwa sauti ya mashine. Nayo imo kwenye MAME. Lakini MAME ni mkali kuhusu matoleo: faili za ROM lazima ziwe za toleo lilelile la MAME ulilo nalo, na za kwako utalazimika kuzitafuta. Kama Theodore imekuchosha, usianzie huko.

Nimeziacha mwisho zile kaseti mbili zilizoandikwa kwa kalamu. Hizo tisa zenye majalada zimeshahifadhiwa na watu wengi. Ndiyo maana ulizipata mtandaoni. Hizi mbili huenda hakuna mwingine aliye nazo. Inaweza kuwa nakala ya gemu ya dukani, inaweza kuwa muziki wa redio, na inaweza kuwa programu aliyoiandika mtoto wa miaka kumi darasani kwa BASIC. Usizitie kwenye kinasa kilichokaa darini tangu miaka ya themanini. Kwanza izungushe kaseti kwa mkono, kwa penseli, uone utepe haujanata na kile kipande kidogo cha spongi nyuma ya utepe hakijadondoka. Kisha ipeleke yote mbele na kuirudisha nyuma mara moja kwenye kinasa kizima, kilichosafishwa kichwa kwa spiriti. Unganisha tundu la sauti na kompyuta, nasa kwa faili ya sauti ya WAV, chaneli moja, sampuli 44,100 kwa sekunde, bila kichujio chochote cha kupunguza kelele, maana kelele unayotaka kuifuta ndiyo data. Nasa pande zote mbili, tangu mwanzo hadi utepe uishe, hata ukisikia kimya katikati. Ukishakuwa na WAV hiyo, kuna programu za kuigeuza kuwa .k7, na ikishindikana mara ya kwanza unaweza kujaribu tena mara mia bila kuugusa utepe. Wakati wa kusikiliza, mwite shemeji: sauti nyembamba iliyonyooka kwanza, kisha mkwaruzo. Akisema anaijua, muulize alisoma shule gani.